Noti ambayo kinanda changu hakina

Leo hakuna habari za Linux, hakuna programu mpya ya simu, wala malalamiko yangu ya kila siku kuhusu bei ya intaneti. Leo nataka kuzungumzia muziki. Najua kuna wale mtakaosema huyu kijana ameishiwa na mada. Vumilieni kidogo, kwa sababu nambari zitaingia, mawimbi yataingia, na hata programu fupi niliyoiandika usiku mmoja itaingia.

Kwa miaka mitatu sasa nimekuwa nikijifunza muziki kwa njia nne kwa wakati mmoja. Napiga kinanda, naimba sauti ya teno katika kwaya ya kanisa, nasoma historia ya muziki, na nasoma saikolojia ya jinsi watu wanavyousikia. Shahada yangu ni ya sayansi ya tarakilishi na kazi yangu ni kuandika programu za biashara. Cheti cha muziki sina, kwa hivyo someni haya kama maneno ya mwanafunzi anayemwandikia mwanafunzi mwenzake.

Jambo ninalotaka kusema ni moja tu: kila njia kati ya hizi nne inakuonyesha kitu ambacho nyingine zinakificha. Aliyenifundisha hilo ni marehemu nyanya yangu, ambaye hakuwahi kuona kinanda karibu, pamoja na wimbo wake wa kusaga wimbi.

Twende hatua kwa hatua.

Kinanda ni ramani

Kinanda changu ni cha umeme, nilikinunua mkono wa pili hapa Nairobi, na kina vibonye 61. Piano kamili ina 88. Stima ikipotea kinakuwa meza ya kuwekea vikombe, lakini sijutii hata shilingi moja.

Uzuri wa kinanda ni kwamba muziki umelala mbele ya macho yako. Angalia vibonye vyeusi: viwili, halafu vitatu, halafu viwili tena. Ukihesabu vyote, vyeusi kwa vyeupe, baada ya 12 unarudi pale ulipoanzia, ila sauti imepanda. Ni kama saa ya ukutani. Ikipita 12 unaanza 1 tena.

Mtu wa programu akiona hivyo anafurahi. Chukua kodi (si ile ya nyumba wala ya serikali, hapa nasema noti tatu au zaidi zinazopigwa pamoja). Kodi ya meja ni rahisi hivi: anza popote, hesabu hatua 4, kisha hatua 3. Kodi ya maina ni kinyume chake: hatua 3, kisha 4. Sheria hiyo inafanya kazi kwenye vibonye vyote 12. Huhitaji kukariri kodi 24. Unahitaji kukariri mistari miwili.

Tangu 1983 vinanda vya umeme vinazungumza na tarakilishi kwa lugha inayoitwa MIDI, na humo kila kibonye ni nambari tu. Kile cha C ya katikati ni 60. A iliyo juu yake ni 69, nayo hutetema mara 440 kwa sekunde, yaani hezi 440. Ukitaka mitetemo ya kibonye chochote n, fomula ni hii:

440 × 2^((n − 69) / 12)

Weka n = 60 utapata karibu 261.63. Hiyo ndiyo programu ya kwanza ya muziki niliyowahi kuandika: fomula hiyo moja, na spika ikalia. Nilicheka peke yangu chumbani.

Mtu aliyeunda piano ni Bartolomeo Cristofori wa mji wa Florence, Italia, karibu mwaka 1700. Kinubi cha vibonye kilichotumika kabla yake kilikuwa kinadonoa nyuzi, kwa hivyo ugonge kwa hasira au kwa upole, sauti ilikuwa ile ile. Cristofori aliweka nyundo ndogo zinazopiga uzi na kurudi nyuma mara moja. Vidole vikapata uwezo wa kunong'ona na wa kupaza, na jina la chombo likatoka hapo: kwa Kiitaliano piano ni pole na forte ni kwa nguvu.

Lakini kuna kitu kimoja ambacho nyundo hizo hazikubadilisha. Ukibonyeza, noti ipo tayari. Mtoto wa miaka mitatu akibonyeza A na profesa akibonyeza A, wote wanapata hezi 440. Kinanda hakikuulizi kama umeisikia noti kichwani kabla ya kuipiga.

Koo haina vibonye

Kwaya ndiyo inayouliza swali hilo.

Kama umewahi kukaa katika kwaya ya kanisa hapa kwetu, unaijua karatasi ya solfa: herufi d, r, m, f, s, l, t, zikiwa zimetenganishwa kwa nukta na mistari. Wengi wanadhani ni njia ya mkato ya watu wasiojua kusoma noti "za kweli". Historia yake ni ndefu kuliko hivyo. Karibu miaka elfu moja iliyopita, mtawa mmoja Mwitaliano aliyeitwa Guido wa Arezzo alikuwa anafundisha vijana kuimba. Alichukua silabi za mwanzo za mistari ya wimbo mmoja wa Kilatini wa Mtakatifu Yohana Mbatizaji, ambao kila mstari wake ulianza noti moja juu ya ule uliotangulia. Zikapatikana ut, re, mi, fa, sol, la. Baadaye ut ikawa do. Katika karne ya 19 huko Uingereza, Sarah Glover, mwalimu wa mji wa Norwich, akatengeneza mfumo wa kufundishia watoto, na mchungaji John Curwen akauboresha na kuueneza. Wamisionari wakaubeba hadi Afrika, kwa sababu karatasi yake inaweza kupigwa chapa kwa herufi za kawaida tu.

Nguvu ya solfa ni kwamba do haina anwani ya kudumu. Do ni nyumbani, popote mwimbaji atakapoamua kujenga. Leo do ni C, kesho kwa sababu soprano wana mafua do ni A. Kinachohesabika ni umbali kutoka nyumbani. Walioandika programu wataelewa nikisema hivi: kinanda kinatumia anwani kamili, solfa inatumia anwani ya kuhesabiwa kutoka mahali ulipo.

Na koo haikupi noti bure. Kabla ya kuimba mi lazima uisikie ndani, la sivyo utatoa kitu kingine na jirani yako atakutazama. Ndiyo maana zoezi lililonisaidia kuliko yote ni la bei nafuu kabisa: imba noti kwanza, kisha bonyeza kinanda uone kama mmekutana. Kuimba kwanza, kubonyeza baadaye. Ukigeuza mpangilio huo unakuwa kasuku wa kinanda.

Hapa kuna wale watakaosema, "Mimi nimezaliwa bila sikio la muziki." Wapo kweli watu ambao ubongo wao hautofautishi noti vizuri, na hali hiyo ina jina la kitaalamu, amusia. Utafiti wa Isabelle Peretz na Dominique Vuvan uliotoka 2017 ulikadiria kuwa ni karibu asilimia 1.5 ya watu. Yaani katika kwaya ya watu arobaini, pengine hayupo hata mmoja. Tuliobaki ni mazoezi.

Wimbo wa kusaga

Sasa nyanya.

Nyanya alikuwa na wimbo aliouimba akisaga wimbi kwenye jiwe. (Ndiyo, Kiswahili kinatupa wimbo, wimbi la kusaga na wimbi la sauti, vyote mlango mmoja. Sikupanga.) Wimbo una beti nane kwa Kiluhya. Nyanya alifariki 2016, na katika ukoo wetu aliyebaki anayeuimba wote ni shangazi yangu mmoja, naye ameshapita miaka sabini. Wengine sisi tunajua kiitikio na kupiga makofi.

Mwaka jana mwalimu wa kwaya yetu aliomba kila mmoja alete wimbo wa kwao, tuandae jioni moja ya nyimbo za wazee. Nilisafiri hadi Kakamega, nikamrekodi shangazi kwa simu, nikarudi na faili la dakika sita. Nilikaa kwenye kinanda kuutoa noti kwa noti. Do ilikubali. Re ilikubali. Sol ilikubali. Noti ya tatu ilikataa. Nikibonyeza mi ya meja, shangazi yuko chini yake. Nikibonyeza mi ya maina, yuko juu yake. Kati ya vibonye hivyo viwili hakuna kibonye.

Mwalimu aliposikiliza alisema kwa upole kabisa, "Mama anaishusha kidogo hiyo noti, ni umri. Tuiweke mi, kwaya ishike." Dada mmoja wa alto akasema hapana, hiyo ni maina wazi. Tuliposikiliza wote, kwaya ikagawanyika karibu nusu kwa nusu. Watu thelathini na kitu, rekodi moja, noti mbili tofauti.

Nilifanya kile ambacho mtu wa kazi yangu hufanya watu wakibishana: nilipima. Niliandika programu fupi inayosoma rekodi na kutoa mitetemo kwa kila noti. Kisha nikaihamisha hesabu yote ili do ya shangazi ikae kwenye hezi 220, iwe rahisi kulinganisha. Kinanda kwenye ngazi hiyo kina 261.63 kwa maina na 277.18 kwa meja. Shangazi, katika beti zote nane, alitua kati ya 266 na 271. Wastani ulikuwa karibu 268.5.

Tazameni hilo vizuri. Mtu aliyepoteza noti huanguka huku na huku. Shangazi alirudi mahali pale pale mara nane, mahali ambapo kinanda hakina kibonye. Ile ni noti. Ina nyumba yake.

Nilimpigia simu nikamchezea wimbo kwa kinanda, meja kwanza halafu maina. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, hicho kinanda chako kinaimba kama mgeni. Maneno anayajua, lafudhi hana."

Kazi ilikuwa mezani sasa. Karatasi ambayo kwaya ingeiandika ndiyo ambayo vijana wangeipiga picha, kutumiana, na kufundisha wengine. Shangazi hatakuwepo milele. Tukiandika mi, baada ya miaka ishirini wimbo wa nyanya utakuwa na mi, na hakutakuwa na mtu wa kusema vinginevyo.

Historia: nani aliamua ni 12?

Swali hilo ndilo lililonipeleka kwenye vitabu vya historia. Nani aliamua kuwa kuna noti 12, na kwamba katikati yake hakuna kitu?

Hadithi inaanza na uwiano. Uzi ukiukata nusu unatoa noti ile ile juu, oktava, uwiano wa 2 kwa 1. Ukiacha theluthi mbili za uzi zitetemeke unapata umbali wa do hadi sol, uwiano wa 3 kwa 2. Wagiriki wa kale waliomfuata Pythagoras walilijua hilo. Sasa panda kwa hatua za 3 kwa 2 mara 12, na kwa upande mwingine panda oktava 7. Unatarajia zikutane. Zinakaribia, ila hazikutani: hatua 12 zinakupa 129.75, na oktava 7 zinakupa 128. Na hazitakutana kamwe hata upande milele, kwa sababu 3 ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe daima ni witiri, na 2 ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe daima ni shufwa. Hitilafu hii haina dawa. Iko ndani ya hesabu yenyewe.

Kwa hivyo kila mtengeneza kinanda analazimika kuificha tofauti hiyo ndogo mahali fulani. Kwa karne nyingi Wazungu waliisukuma pembeni, kwenye noti zisizotumika sana, na ukizigusa zilitoa mlio mbaya walioufananisha na mbwa mwitu. Mwaka 1584 huko China, mwanamfalme aliyeitwa Zhu Zaiyu alichapisha hesabu za suluhisho jingine: gawanya tofauti hiyo sawasawa kwa noti zote 12, kila hatua iwe iliyopita ikizidishwa kwa 1.059463. Karibu miaka hiyo hiyo Simon Stevin, mwanahisabati wa Flanders, alifikia wazo hilo pia. Bach alipoandika mkusanyo wake wa 1722 unaopita katika ngazi zote 24, meja na maina, alikuwa anaonyesha kinachowezekana kinanda kikitengenezwa kisimkatae mpigaji popote, ingawa wataalamu bado wanabishana alikifunga vipi. Baadaye mgawanyo ulio sawa ndio ulioshinda kwenye piano. Hata ile 440 ilikubaliwa katika mkutano wa kimataifa uliofanyika London mwaka 1939. Haikushuka kutoka mlimani.

Mgawanyo huo ulileta faida kubwa: unaweza kuanzia kibonye chochote na wimbo ukabaki wimbo. Lakini una gharama. Kutoka A ya 440, theluthi safi ya uwiano wa 5 kwa 4 ni 550. Kinanda kinatoa 554.37. Jaribuni nyumbani: toeni mawimbi mawili kwa pamoja, 550 na 554.37, mtasikia sauti inatetemeka kama mara nne kwa sekunde. Huo mtetemeko ndio umbali kati ya hesabu safi na kinanda. Waimbaji wazuri wasio na ala huweza kuisogeza noti hiyo chini wenyewe bila kuambiwa, kwa sababu koo haifungwi na vibonye.

Basi kwa lugha ya kazi yangu: kinanda kinakadiria. Kinachukua nambari yenye desimali na kuipeleka kwenye nambari kamili iliyo karibu. Sote tunafanya hivyo kwenye programu na hakuna ubaya, mradi ujue umefanya, na usifute nambari ya asili.

Na ulimwengu umejaa muziki ambao haukukadiriwa hivyo. Huhitaji kwenda mbali, nenda pwani tu. Taarabu ya zamani ilikua pamoja na udi, fidla na kanuni, na makamu za Kiarabu. Katika makamu iitwayo rast, noti ya tatu inakaa kati ya maina na meja. Siti binti Saad aliporekodi sahani zake Bombay mwaka 1928, koo lake halikuwa linaomba ruhusa kwa piano. Mwaka 1932 wanamuziki walikutana Cairo wakajadili, pamoja na mengine, kama oktava igawanywe sehemu 24 zilizo sawa, na wengi hawakuridhika kwamba hata hizo 24 zinatosha. Sidai kwamba nyanya alijifunza kutoka pwani. Nasema tu kwamba noti ya katikati si ajabu wala si uzee.

Saikolojia: sikio nalo linakadiria

Lakini kwa nini kwaya iligawanyika? Masikio yao ni mazuri, wameimba miaka mingi. Jibu ni kwamba yaligawanyika kwa sababu wameimba miaka mingi.

Mwaka 1977 Jane Siegel na William Siegel walichapisha utafiti wenye kichwa kinachochekesha, kinachosema kwamba wanamuziki hawawezi kutofautisha noti iliyopanda kidogo na iliyoshuka kidogo. Waliwachezea wanamuziki waliofunzwa umbali wa noti uliopindishwa kidogo kidogo. Wanamuziki waliutaja kwa jina sahihi haraka sana, na mara nyingi waliona uko sawa hata pale ulipopindishwa. Mafunzo yalikuwa yamewajengea visanduku kichwani, na kila sauti iliingia kwenye kisanduku kilicho karibu.

Hili tunalijua kwenye lugha. Mpe mgeni aseme ng'ombe. Atasema ngombe, na ukimrekebisha atakuambia ndivyo alivyosema. Masikio yake hayana shida yoyote. Lugha yake ya kwanza ndiyo haina kisanduku hicho mwanzoni mwa neno.

Sikio pia hujaza kisichokuwepo. Simu za zamani zilipitisha mitetemo ya kati ya 300 na 3400 hivi tu. Sauti ya mwanaume mzima huanzia chini ya hapo, karibu 100 na kitu. Bado ulimsikia baba kwa sauti yake nzito, kwa sababu ubongo ulitazama mitetemo ya juu ukakisia ile ya chini na kukupa. Tunachosikia ni kazi ya pamoja ya hewa na kichwa.

Na ile hukumu ya "meja ni furaha, maina ni huzuni"? Wimbo wetu wa taifa, uliotayarishwa 1963, tuni yake ilitokana na wimbo wa kumbembeleza mtoto wa Wapokomo wa Mto Tana, na ni wa maina. Uwanja mzima husimama kifua mbele, hakuna anayeomboleza. Mwaka 2016 Josh McDermott na wenzake waliandika kuhusu Watsimane wa Bolivia, ambao waliona kodi tunazoziita tamu na zile tunazoziita za kugongana kuwa nzuri sawasawa. Mengi tunayodhani yako kwenye noti tumeyaleta wenyewe.

Leonard Meyer alisema mwaka 1956 kwamba hisia za muziki hutoka kwenye matarajio: unatarajia kitu, kinacheleweshwa au kinapindwa, moyo unashtuka. Mwaka 2011 Valorie Salimpoor na wenzake huko Montreal walipima ubongo wa watu wanaosisimkwa na muziki wanaoupenda, wakaona dopamini ikitolewa hata kabla ya kile kilele kufika, wakati wa kusubiri. Nikisikiliza rekodi ya shangazi sasa, ile noti ya katikati ndiyo ninayoisubiri.

Tulivyoamua

Nilimwonyesha mwalimu grafu ya zile beti nane. Aliitazama muda mrefu, kisha akauliza swali la mwalimu: "Sasa nitawafundishaje?"

Lilikuwa swali la haki. Tulijaribu kutumia gurudumu la kinanda linaloshusha noti. Ilifika, lakini mkono mmoja ukawa kifungoni. Tulijaribu kuweka kodi chini ya wimbo kwa sauti nne, kila kodi ikaivuta noti upande wake. Mwishowe mwalimu mwenyewe akafunga kinanda. Tulijifunza kwa sikio kutoka kwenye rekodi, ubeti kwa ubeti, kwa wiki tano, sauti moja kwa wote na ngoma chini. Walioshika kwanza ni wasichana wawili wa shule ya upili, wageni kabisa kwenye kwaya.

Tulipoteza kitu pia, niseme ukweli. Zile sauti nne ambazo kwaya yetu inajivunia hazikuwepo. Kuna waliosema jioni ile kuwa wimbo ulikuwa mtupu. Mimi nadhani tulilipa bei inayofaa. Karatasi tuliyoacha ina herufi m yenye mshale mdogo unaoelekea chini, na sentensi moja: usitumie kinanda, sikiliza rekodi. Rekodi yenyewe, bila kuguswa, iko sehemu tatu tofauti.

Kwa anayetaka kuanza

Mmeniuliza mara nyingi, kwa hivyo haya hapa kwa ufupi:

1. Tafuta kinanda chochote, hata cha vibonye 49. Jifunze kuhesabu hatua kabla ya kukariri majina.

2. Imba kila unachopiga, na uimbe kabla ya kupiga.

3. Fanya mazoezi kidogo kila siku, kisha lala. Matthew Walker na wenzake walionyesha mwaka 2002 kwamba watu waliojifunza mfuatano wa vidole waliongeza kasi kwa karibu asilimia 20 baada ya usingizi wa usiku mmoja, bila mazoezi mengine. Dakika 15 jioni zinanitosha.

4. Kwa kila sheria ya muziki unayofundishwa, uliza iliamuliwa lini na wapi.

5. Na kama kwenu kuna mzee mwenye wimbo, mrekodi kwanza. Kuandika noti kunaweza kusubiri mwaka mzima. Mzee hawezi kuahidi hivyo.

Wenye haja na ile programu ya kupima mitetemo waniambie, nitaisafisha kidogo niiweke hapa wiki ijayo. Ni fupi, na kwa sasa majina ya vigezo vyake yanatia aibu. Kwaherini kwa leo.